Nambari 440 si msahafu wa muziki

Mwaka wa 1939 ulizaa mambo mawili ambayo, kwa mtazamo wa haraka, hayana ujamaa wowote. Mwezi wa Mei, wajumbe kutoka Ufaransa, Ujerumani, Uingereza, Uholanzi na Italia walikutana mjini London na kupendekeza kwamba noti ya A, ile iliyo juu kidogo ya katikati ya piano, iwe na mitetemo 440 kwa sekunde popote muziki unapochezwa. Mwaka uo huo ilichapishwa kamusi sanifu ya Kiswahili iliyotayarishwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambaye alikuwa amekwisha kuaga dunia. London walikuwa wakisanifisha sauti; huku kwetu ilikuwa ikisanifishwa lugha.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na hilo la pili ndilo ninalolifundisha kila mwaka. Wanafunzi hawakawii kulielewa. Wanajua kuwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba Kimvita, licha ya hazina yake kubwa ya ushairi, kiliachwa kando. Wanajua kuwa uteuzi huo ulikuwa na sababu zake za kiutawala na za kielimu, wala haukuteremka kutoka mbinguni. Hakuna hata mmoja wao awezaye kusimama darasani akadai kwamba Mmvita asemapo «ndia» badala ya «njia» ana kasoro ya ulimi. Lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo kwa nini A ni 440, naye atakutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji.

Chanzo cha imani hiyo si kigumu kukitambua. Programu za muziki tunazotumia katika tarakilishi, au kompyuta kwa wale ambao istilahi hii bado inawakwaruza koo, hufunguka zikiwa tayari zimewekewa 440, na pamoja nayo ngazi ya sauti kumi na mbili zilizogawanywa sawasawa. Mtumiaji haulizwi lolote. Mfumo wa MIDI, ambao tangu mwaka wa 1983 umeziwezesha ala za umeme na tarakilishi kusemezana, huzipa noti nambari kuanzia 0 hadi 127, na nambari ya 69 ndiyo hiyo A yetu. Kati ya 69 na 70 mfumo huo hauna noti nyingine. Anayeitaka sauti iliyo katikati hulazimika kuipinda noti iliyopo. Ukimpa mtu rula kabla hajauona mti, atakuambia mti ndio uliopinda.

Madhara yake nimeyaona katika kazi za nyanjani. Wanafunzi wa fasihi simulizi huenda Nyanza, Magharibi na Pwani kurekodi nyimbo, kisha huzipitisha rekodi hizo katika programu ili, kama wasemavyo, kuzisafisha. Mojawapo ya sabuni zao ni kifaa cha kunyoosha sauti, cha jamii ya kile kiitwacho Auto-Tune kilichotolewa mwaka wa 1997 na Andy Hildebrand, Mmarekani ambaye kabla ya hapo alikuwa akitumia hesabu za mawimbi ya sauti kutafutia mafuta ya petroli ardhini. Kifaa hiki husikiliza kila sauti na kuivuta hadi kwenye noti ya piano iliyo karibu nayo zaidi. Niliwahi kupewa rekodi ya obokano iliyoogeshwa kwa sabuni hiyo. Maneno ya Ekegusii yalikuwa yamenukuliwa kwa uangalifu wa kupigiwa mfano, kila irabu na toni yake, ilhali nyuzi nane za obokano zilikuwa zimekokotwa zote zikaingizwa ndani ya piano. Mwanafunzi yule asingethubutu kumsahihishia mzee matamshi. Kumsahihishia nyuzi hakukumshtua hata kidogo.

Msomaji asidhani kwamba ukokotaji huo ni wa kiasi kidogo. Chukua uzi unaotetema mara 428 kwa sekunde. Kwa kuwa uko karibu na 440 kuliko noti inayofuata chini yake, ambayo ni 415 na ushei, programu itaupandisha hadi 440. Uzi mwingine unaotetema mara 427 uko upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo utateremshwa hadi 415. Nyuzi mbili ambazo sikio la kawaida halizitofautishi zitaachana kwa nusu toni nzima, na atakayesikiliza rekodi hiyo miaka hamsini ijayo ataandika tasnifu kuhusu nusu toni ambayo jathum, yaani mpigaji, hakuipiga kamwe.

Huenda mwalimu wa muziki akaniuliza mwanaisimu anatafuta nini katika shamba lake. Nitamjibu kwamba aliyelipima shamba hilo ni mwenzetu. Alexander John Ellis, Mwingereza aliyeishi kati ya 1814 na 1890, alikuwa mtaalamu wa fonetiki, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuchunguza matamshi ya Kiingereza na namna ya kuyaandika. George Bernard Shaw anamtaja katika utangulizi wa tamthilia yake ya Pygmalion. Ni Ellis aliyeigawanya nusu toni ya piano katika sehemu mia moja na kuiita kila sehemu senti, hivi kwamba oktava moja ina senti 1,200. (Jina ni la sarafu, lakini senti hii hainunui kitu.) Kwa kipimo hicho alizilinganisha ngazi za sauti za India, Java, Japani, Uarabuni na kwingineko, akisaidiwa na masikio ya Alfred Hipkins, na mwaka wa 1885 akahitimisha kwamba hakuna ngazi moja ya sauti iliyowekwa na maumbile kwa wanadamu wote. Ngazi ni nyingi, na zote ni kazi ya watu.

Miaka mitano kabla ya hapo Ellis alikuwa ameandika historia ya kidatu, yaani ujuu na uchini wa sauti, katika muziki wa Ulaya, na mambo aliyoyakuta yangewashangaza wanaodhani Wazungu wamekuwa na A moja tangu Adamu. Uma wa chuma wa kupimia sauti unaohusishwa na Handel, wa mwaka wa 1751, ulitoa mitetemo 422 na nusu. Karne moja na ushei baadaye, katika majumba ya muziki ya London, A ilikuwa imepanda hadi kupita 450. Maana yake ni kwamba mwimbaji aliyeimba kazi ya Handel wakati huo alilazimika kuiimba zaidi ya nusu toni juu ya pale ilipoandikiwa. Makoo yaliumia. Serikali ya Ufaransa iliunda tume iliyowajumuisha Rossini na Berlioz, na mwaka wa 1859 ikatangaza kisheria kuwa A ni 435. Mtunzi Verdi, mwaka wa 1884, alikuwa akiunga mkono 432. Mkutano wa Vienna wa mwaka wa 1885 ukaikubali 435 ya Wafaransa, na makubaliano hayo yalionekana kuwa mazito kiasi cha kutajwa katika kifungu cha 282 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka wa 1919, miongoni mwa mikataba ambayo Ujerumani iliyoshindwa vitani ilitakiwa kuiheshimu.

Basi 440 ilitoka wapi? Johann Scheibler alikuwa ameipendekeza huko Stuttgart mwaka wa 1834, lakini Waingereza kufikia mwisho wa karne ya kumi na tisa walikuwa wakitumia 439. Shirika la BBC lilipotaka kuitoa noti hiyo kwa mitambo, lilitumia jiwe la umeme linalotetema mara milioni moja kwa sekunde. Hesabu yao ilikuwa hivi: gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 11, gawanya kwa 25. Jawabu ni 440 kamili. Hesabu nyepesi kama hiyo haiwezi kutoa 439, kwa sababu 439 ni nambari tasa, haigawanyiki. Ndiposa ikaachwa. Napenda kuwasimulia wanafunzi kisa hiki kwa sababu kinafanana mno na visa vya usanifishaji wa lugha: neno moja hushinda jingine kwa sababu ya mashine ya kupigia chapa au ya mtu aliyekuwa na kalamu siku hiyo. Baada ya vita, mwaka wa 1955, shirika la kimataifa la viwango, ISO, likaithibitisha 440, na likaithibitisha tena mwaka wa 1975.

Hata hivyo wenyewe hawaifuati kama sala. Vikundi vinavyopiga muziki wa zama za Bach kwa ala za kale aghalabu huiweka A kwenye 415. Okestra za Berlin na Vienna zinajulikana kwa kuikaribia 443. Wao hubadilisha bila kuomba ruhusa, ilhali sisi tunamvuta mzee wa Siaya afike 440.

Kabla sijaenda mbali, niondoe tope moja njiani, kwa sababu kila ninapolizungumzia suala hili hutokea mwanafunzi aliyeambiwa kwamba 440 ni njama iliyobuniwa na Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, ili kuwatia watu wazimu, na kwamba 432 ndiyo sauti ya ulimwengu, inayoponya maradhi. Pendekezo la Stuttgart la mwaka wa 1834 lilitangulia kuzaliwa kwa Goebbels kwa zaidi ya miaka sitini. Ama kuhusu sauti ya ulimwengu, 432 ni hesabu ya mitetemo katika sekunde moja, na sekunde ni sehemu ya 86,400 ya siku ya mwanadamu, iliyopatikana kwa kuigawanya siku kwa 24, kisha kwa 60, kisha kwa 60 tena. Wahenga wa hesabu wangaliigawanya siku kwa namna nyingine, sauti ile ile ingalikuwa na nambari nyingine. Tofauti kati ya 440 na 432 ni senti 32 hivi, chini ya theluthi moja ya nusu toni. Anayeipenda 432 aitumie, kama Verdi. Asitufanyie tiba.

Ukweli ni kwamba sikio la mwanadamu, katika lugha na katika wimbo, halisikilizi nambari. Husikiliza uhusiano. Dholuo ni lugha ya toni, lakini hakuna sarufi iliyowahi kusema kwamba toni ya juu ya Dholuo ina mitetemo kadhaa. Toni ya juu ya babu huenda ikawa chini ya toni ya chini ya mjukuu wake, na bado wakaelewana bila taabu, maana kila mmoja hupimwa kwa sauti yake mwenyewe. Walimu wa kwaya walijua haya zamani. Mfumo wa solfa ulioenezwa na Mwingereza John Curwen, ambao wamisheni walituletea na ambao kwaya zetu za kanisa na za shule zingali zinautumia, una «do» inayohama. Mwalimu huisikiliza kwaya yake, huipa sauti inayowafaa watoto wake, na wimbo huanza. Nyatiti nayo hufuata njia hiyo: jathum hukaza nyuzi zake nane zikubaliane na koo lake. Akipigiwa kelele na programu kuwa yuko chini ya 440, ni sawa na kumwambia kwamba koo lake limekosewa na Muumba.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa kuwa mambo mawili huchanganywa. La kwanza ni kidatu cha kuanzia, yaani A ikae wapi. La pili ni masafa kati ya sauti na sauti. Ukilibadilisha la kwanza pekee, umeihamisha ngazi nzima juu au chini bila kugusa vidato vyake. Nyumba imesogea lakini vyumba ni vile vile. Hili latosha kwa Handel. Halitoshi kwa amadinda, marimba ya Buganda. Watafiti walioichunguza, akiwamo Klaus Wachsmann na baadaye Gerhard Kubik, ambaye alifundishwa kuipiga na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka, walikuta oktava imegawanywa katika hatua tano zinazokaribia kulingana, kama senti 240 kila moja. Piano ina 200 na ina 300. Haina 240. Uisogeze A hadi popote upendapo, 240 haitapatikana. Taarabu ya pwani nayo, katika maqamu ilizorithi kutoka Misri na Uarabuni, ina sauti zinazoangukia katikati ya vibonyezo viwili vya kinanda. Mkutano mkuu wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Kairo mwaka wa 1932 ulibishana iwapo sauti hizo zaweza kugawanywa sawasawa katika robo toni 24, na wajumbe hawakuafikiana. Mpigaji udi hana haja ya kuafikiana, kwa kuwa shingo ya udi haina vizuizi. Mpigaji kinanda ndiye mwenye shida.

Sipingi kuwapo kwa kipimo. Gitaa, saksafoni na kinanda vikikutana jukwaani lazima viwe na A moja, kama vile karatasi ya mtihani lazima iandikwe kwa Kiswahili sanifu, nami hukata alama bila huruma. Na nyatiti si kitu cha kufungiwa makumbusho. Marehemu Ayub Ogada, aliyefariki mwaka wa 2019, aliifikisha mbali kwa albamu yake ya mwaka wa 1993. Ninalosema ni kwamba ala mbili zikikutana na mojawapo ikalazimika kusogea, isogee ile ambayo kusogea kwake ni kubofya mara mbili. Programu husogea kwa sekunde. Nyuzi za jathum zina koo la mtu nyuma yake.

Na programu hizo zinaweza. Hili ndilo walimu wengi hawajaambiwa. Katika MuseScore, programu ya bure ya kuandikia muziki ambayo shule yoyote yaweza kuipata, toleo la tatu lina dirisha la kusimamia sauti za ala, na ndani yake kisanduku kilichoandikwa 440. Ifute, andika 428, na ala zote za programu zitaufuata uzi wako. Logic huliweka jambo hilo katika mipangilio ya kazi. Kwa masafa yasiyo ya piano, Mholanzi Manuel Op de Coul alitunga programu iitwayo Scala, na faili zake ni maandishi matupu: idadi ya sauti, kisha senti za kila sauti, mstari mmoja mmoja. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuiandika. Programu nyingi sasa huzisoma faili hizo, na Ableton Live imefungua mlango huo katika toleo lake la 12 la mwaka wa 2024. Mwaka wa 2021 Khyam Allami, mwanamuziki mwenye asili ya Iraki, alishiriki kutoa chombo cha bure kiitwacho Leimma, ambacho kwacho mtu hujitungia ngazi yake mwenyewe, kwa sababu alichoshwa na programu zinazoudhania ulimwengu wote kuwa piano.

Kupima nako si uchawi. Sisi wanafonetiki hutumia Praat, programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo hukuonyesha mitetemo ya sauti kwa nambari. Hugh Tracey, alipokuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alibeba sanduku la uma 54 za chuma, kuanzia mitetemo 212 hadi 424, kila mmoja ukimzidi mwenzake kwa minne, akawa anazilinganisha na ala moja baada ya nyingine kwa sikio. Mwanafunzi wa leo ana sanduku hilo katika kipakatalishi chake na halifungui. Ukishapata mitetemo ya nyuzi mbili, gawanya kubwa kwa ndogo, tafuta logi ya jawabu, igawanye kwa logi ya 2, zidisha kwa 1,200. Nyuzi za 200 na 230 zitakupa senti 242. Mwalimu wa hisabati akilalamika kwamba wanafunzi hawaoni faida ya logi, mpelekeeni nyatiti.

Mtego mmoja tu niutaje, maana umewanasa wengi. Rekodi ya tarakilishi huhifadhiwa kwa vipande 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Programu ikiisoma rekodi ya 44,100 kana kwamba ni ya 48,000, kila kitu hupanda kwa karibu senti 147, na A ya 440 hugeuka kuwa 479. Kaseti za zamani zina maradhi kama hayo, kwa sababu injini ya kinasa ikikimbia, wimbo nao hukimbia na kupanda. Kwa hiyo kabla ya kutangaza kwamba mzee fulani alipiga juu kuliko wenzake, hakikisha si mashine iliyompandisha.

Ama wanaokwenda nyanjani likizo hii, rekodi ya asili wasiiguse. Wafanye nakala, na nakala ndiyo wacheze nayo. Kando ya jina la mpigaji, mahali na tarehe, waandike mitetemo ya kila uzi. Na kabla wimbo haujaanza, wamwombe jathum auguse kila uzi peke yake, kutoka ule mnene hadi ule mwembamba, akiutaja jina lake kwa lugha yake. Dakika moja inatosha.